Barbuda baada ya kimbunga Irma: yaliyofanyika wenye kisiwa walipokuwa hawapo

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2017, jicho la kimbunga Irma lilipita juu ya Barbuda, kisiwa kidogo cha Karibi chenye eneo la kilomita za mraba 161, huku upepo ukivuma kwa kasi ya takriban kilomita 285 kwa saa. Kulipokucha, mapaa ya Codrington, mji pekee wa kisiwa hicho, yalikuwa yamezolewa, nguzo za umeme zimelala chini, mnara wa simu umekatika vipande viwili, na mtoto mmoja mdogo alikuwa amefariki dunia. Waziri Mkuu wa Antigua na Barbuda, Gaston Browne, aliyefika kwa helikopta, alieleza kwamba kiasi cha asilimia 95 ya majengo yameharibiwa na kwamba kisiwa kilikuwa karibu hakikaliki tena. Antigua, kisiwa kikubwa cha nchi hiyo hiyo, kilichoko takriban kilomita 50 upande wa kusini, hakikupata madhara ya kulinganishwa na hayo.

Siku mbili baadaye, kimbunga cha pili kilichoitwa José kikiwa kinaelekea huko huko, serikali iliwahamisha wakazi wote wa Barbuda, watu wasiofika 2,000, na kuwapeleka Antigua. Ronald Sanders, balozi wa nchi hiyo nchini Marekani, alisema kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka 300 hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akiishi Barbuda. Kauli hiyo ilienea duniani ikichukuliwa kuwa kipimo cha ukubwa wa maafa. Mimi naiona pia kuwa tarehe ya kuanza kwa mgogoro mwingine, kwa sababu kisiwa kilichobaki bila watu hakikubaki bila shughuli. Uchambuzi huu unafuatilia jambo hilo moja: yaliyofanyika juu ya ardhi ya Barbuda katika kipindi ambacho wenyewe hawakuwapo, na jinsi yalivyobadilisha maana ya msaada waliokuwa wakipewa.

Ardhi isiyouzwa

Haiwezekani kuelewa ugomvi wa mwaka 2017 bila kurudi nyuma sana. Mwaka 1685 ufalme wa Uingereza uliwakodisha Barbuda ndugu wawili wa ukoo wa Codrington, mabwana wenye mashamba ya miwa huko Antigua, na katika mkataba wa mwaka 1705 kodi ya kisiwa kizima ilikuwa kondoo mmoja aliyenona, tena iwapo tu angedaiwa. Udongo wa Barbuda ni mwembamba, mawe yake ni ya chokaa na mvua ni haba, kwa hiyo miwa haikustawi. Watumwa walioletwa pale walifuga, walivua, walikata kuni, walilima chakula na kuokoa mali za meli zilizovunjika kwenye miamba, ili kuyahudumia mashamba ya Antigua. Waliishi chini ya wasimamizi wachache mno, na kwa vizazi kadhaa ni wao waliojua wapi kuna maji matamu, wapi kuna pango la kujihifadhia, na kipande gani cha shamba kilimwe mwaka huu na kipi kiachwe kipumzike.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, watu hao hawakuhama. Ukoo wa Codrington uliachia kisiwa mwaka 1870, na hapakuwa na mashamba makubwa ya kugawanywa wala mnunuzi wa kuyataka. Familia ziliendelea kama zilivyozoea: nyumba zote mjini Codrington, na sehemu yote iliyobaki ni ya kulima kwa kuhamahama, kuchunga, kuwinda swala na kaa wa nchi kavu, bila mtu kumwekea mwenzake ukuta. Hakukuwa na hati za kumiliki viwanja wala soko la kuviuzia. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1904 iliandika kwamba ardhi ni ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza, na wakazi ni wapangaji wake, lakini maisha ya kila siku hayakubadilika kwa sababu ya maandishi hayo.

Katika mazungumzo ya uhuru, Wabarbuda walikwenda London kuomba wasiunganishwe na Antigua, wakihofia hasa kwamba serikali ya kisiwa kikubwa ingeichukua ardhi yao. Hawakusikilizwa. Nchi moja ikazaliwa tarehe 1 Novemba 1981, na walichopata ni kutajwa ndani ya katiba kwa Baraza la Barbuda, chombo cha utawala wa ndani kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1976. Hofu hiyo ya ardhi, kwa hiyo, haikuzuka pamoja na kimbunga. Ilikuwa na umri wa miaka mingi kabla yake, na kila aliyehusika na misaada ya mwaka 2017 angeweza kuijua kama angependa kuijua.

Mwaka 2007 Bunge la Antigua na Barbuda lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Barbuda, ambayo kwa mara ya kwanza iliandika mila kuwa sheria. Ardhi yote ya kisiwa ilitamkwa kuwa inamilikiwa kwa pamoja na watu wa Barbuda, hati yake ikiwa mikononi mwa Taji kwa niaba yao. Mbarbuda mtu mzima alikuwa na haki ya kupewa eneo la kujenga nyumba, eneo la kulima na eneo la biashara, bila kuliuza. Mgeni angeweza kukodishwa, lakini si kuuziwa, na mradi mkubwa ulihitaji ridhaa ya watu wenyewe, si ya mawaziri peke yao.

Wataalamu wengi wa maendeleo wakiona mpangilio kama huu husema kwamba ardhi hiyo imelala, kwamba ni mtaji uliokufa. Napenda kusimama hapa kidogo, kwa sababu hoja hiyo ndiyo roho ya kisa chote. Familia ya Codrington yenye kipato kidogo cha fedha taslimu haikuwa na kodi ya pango ya kulipa, haikuwa na deni la nyumba, na haikuwa na hofu ya kufukuzwa. Ilikuwa na mahali pa kulima, bahari yenye kambakoche wa kuuza, na misitu yenye mawindo. Upepo unapoezua paa la familia kama hiyo, inapoteza paa. Haipotezi kiwanja, wala haibaki ikilipa riba ya jengo ambalo halipo. Inaweza kujenga chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao. Katika ukanda ambao vimbunga ni jambo la kila msimu, ardhi hiyo isiyouzwa ilikuwa ndiyo bima ya watu wasio na bima.

Hata hivyo, dai la kwamba kila kitu kilikuwa shwari kabla ya Irma si la kweli. Kwa miongo kadhaa mchanga wa eneo la Palmetto kisiwani humo ulichimbwa na kuuzwa nje ya nchi, ukiliingizia Baraza mapato huku ukidhoofisha vilima vya mchanga vinavyokinga pwani. Serikali kuu nayo ilikuwa imeanza kuizunguka Sheria ya 2007 mapema. Katika uchaguzi wa mwaka 2014, kiti cha Barbuda kilichukuliwa na chama cha Browne kwa tofauti ya kura moja tu, na mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mahususi kwa ajili ya hoteli ya kifahari iliyopangwa na mwigizaji Robert De Niro na mfanyabiashara James Packer wa Australia, ikieleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Barbuda haitahusika na mradi huo. Wabarbuda waliopinga walikwenda mahakamani. Kwa hiyo Irma ilipofika, ilikuta watu wanaobishana tayari.

Mwezi mmoja bila watu

Kuhamishwa kwa wakazi kulikuwa uamuzi sahihi, na nalisema hili kwanza kwa sababu baadhi ya watetezi wa Barbuda huliruka. Tarehe 8 Septemba hapakuwa na mtu aliyejua José ingepita wapi. Nyumba zilikuwa hazina mapaa, zahanati na hospitali ndogo ya kisiwa zilikuwa zimeharibika, maji safi hayakuwapo, na mizoga ya mifugo ilikuwa imetapakaa. Serikali ambayo ingewaacha watoto na wazee wasubiri kimbunga cha pili ndani ya kuta zisizo na paa ingestahili lawama ya kudumu. Watu walisafirishwa kwa boti na ndege, wengi wakiwa na mfuko mmoja wa nguo, na Antigua iliwapokea. Walilazwa katika majengo ya umma, likiwemo jengo la uwanja wa kriketi wa Sir Vivian Richards, wengine wakachukuliwa na ndugu na marafiki, na watoto wao wakaandikishwa katika shule za Antigua. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli, na Wabarbuda wenyewe waliutambua.

José ilipita kaskazini bila kuipiga Barbuda. Hapo ndipo swali lilipobadilika. Sababu ya kuwaondoa watu kwa haraka ilikuwa imekwisha ndani ya siku chache, lakini amri ya kutokaa kisiwani iliendelea chini ya hali ya hatari iliyotangazwa. Wakazi walioomba kurudi kufunika vitu vyao kwa maturubai, kutafuta ng'ombe na mbwa waliowaacha, au kuondoa tope ndani kabla halijaoza, waliambiwa wasubiri. Baadaye waliruhusiwa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Amri ililegezwa baada ya takriban mwezi mmoja, lakini umeme na maji vilikuwa bado, na wengi waliorudi walilala kwenye mahema kwa miezi mingi.

Mtu aliyewahi kuona nyumba iliyoingia maji anajua kwamba wiki ya kwanza ndiyo inayoamua. Godoro likianikwa siku ya pili hupona. Likiachwa mwezi mzima hutupwa. Ukuta wa mbao ukifunikwa mapema husimama. Kila siku iliyoongezwa kwenye amri ile, kwa nia njema au nyingine, iliongeza idadi ya nyumba ambazo baadaye ziliandikwa kuwa hazifai kutengenezwa. Sidhani kwamba jambo hili lilipimwa ipasavyo, na kwangu ndilo kosa la kwanza la shughuli nzima ya uokoaji, kwa kuwa lingeweza kuepukwa kwa gharama ndogo: boti ya kila siku, vikundi vya vijana wenye maturubai na misumari, na orodha ya nani anakwenda na nani anarudi.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Katika majuma hayo hayo, watu waliporuhusiwa kuingia, walikuta matingatinga yakisafisha msitu nje ya Codrington kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege wenye njia ndefu ya kurukia, inayoweza kupokea ndege binafsi kutoka mbali. Eneo hilo lilikuwa la kulimia, la kuchungia na la kuwindia, juu ya mwamba wa chokaa wenye mapango. John Mussington, mwanabiolojia wa bahari na mkuu wa shule ya kisiwa, na Jacklyn Frank, mwalimu mstaafu, walidai baadaye mahakamani kwamba kazi ilianza bila kufuata utaratibu wa kibali na tathmini ya mazingira unaotakiwa na sheria. Serikali ilijibu kwamba Barbuda haiwezi kujengwa upya bila uwanja wa ndege wa maana, na kwamba mradi ulikuwa umefikiriwa kabla ya kimbunga.

Tuchukue kwamba serikali ilisema kweli katika yote mawili. Bado linabaki jambo ambalo halina jibu. Vifaa vizito vya kusafisha njia ya ndege vilipatikana katika kisiwa ambacho shule na hospitali zake zilikuwa hazina mapaa. Mwenye nyumba aliyeambiwa kwamba si salama kurudi aliona kwamba ni salama kwa mafundi wa njia ya ndege. Watu hawahitaji kuwa wanasheria kusoma maana ya mpangilio kama huo. Wafadhili wa nje, ambao wengi wao walikuja kwa moyo safi na kufanya kazi nzuri ya kuezeka nyumba na kufufua visima, walijikuta wakifanya kazi katikati ya mashaka ambayo hawakuyasababisha, na baadhi yao hawakuyaelewa kabisa.

Dola moja

Tathmini iliyofanywa na serikali kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na taasisi za kanda ilikadiria uharibifu kuwa wa takriban dola za Marekani milioni 136, na mahitaji ya kujenga upya kuwa dola milioni 222. Kwa kisiwa cha watu wasiofika 2,000, hesabu hiyo inakaribia dola 120,000 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Mfuko wa bima ya maafa wa nchi za Karibi uliilipa nchi hiyo dola zipatazo milioni 6.8. Pengo kati ya tarakimu hizo ndilo lililokuwa mbele ya baraza la mawaziri la nchi ndogo yenye madeni, na si haki kuandika kisa hiki kama kwamba pengo hilo halikuwapo.

Jibu la Browne, ambaye kabla ya siasa alikuwa mtu wa benki, lilikuwa jibu la kibenki. Alisema Wabarbuda wapewe hati miliki za viwanja vyao kwa bei ya dola moja. Mtu akishakuwa na hati, alieleza, ataweza kuiweka rehani, kukopa, kujenga nyumba imara, kuikatia bima, na kuacha kuitegemea serikali kila upepo ukivuma. Umiliki wa pamoja, kwa maoni yake, haukuwahi kuwa na msingi wa kisheria. Ardhi ilikuwa ya Taji wakati wote, na kilichokuwapo ni desturi iliyowafungia watu katika umaskini.

Hoja hii ina nguvu na haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba benki haikopeshi kwa dhamana ya desturi. Ni kweli kwamba wako Wabarbuda, hasa vijana waliosoma na wenye biashara, waliotaka hati. Lakini dola moja ilikuwa bei ya kuingilia tu. Hati inayoweza kuwekwa rehani inaweza pia kuchukuliwa na mkopeshaji, na mvuvi aliyepoteza boti, nyavu na nyumba kwa usiku mmoja ndiye mkopaji dhaifu kuliko wote. Kiwanja kinachoweza kununuliwa kwa dola moja kinaweza kuuzwa kwa maelfu mwaka unaofuata, na wanunuzi wanaoweza kulipa maelfu hayo kwa ajili ya ufukwe wa mchanga wa rangi ya waridi hawaishi Codrington. Katika vizazi viwili, pasipo mtu yeyote kulazimishwa na pasipo sheria yoyote kuvunjwa, wazao wa watu walioletwa kule kwa minyororo wangeweza kuwa wahudumu katika kisiwa chao wenyewe. Wabarbuda waliona mbali hivyo. Hawakuhitaji kufundishwa, kwa sababu visiwa vya jirani yao vimejaa mifano.

Tena, hati ilihusu viwanja vya nyumba, na viwanja vya nyumba ni sehemu ndogo sana ya Barbuda. Swali kubwa lilikuwa juu ya sehemu iliyobaki: misitu, mashamba, fukwe, na lile ziwa kubwa la maji ya chumvi upande wa magharibi ambako maelfu ya ndege wa baharini wenye kibofu chekundu kifuani huzaliana kwenye mikoko. Mtu mmoja mmoja akishapewa kipande chake kwa dola moja, nani anabaki kuwa msemaji wa ile sehemu nyingine?

Jibu lilikuja upesi. Desemba 2017, ikiwa ni miezi mitatu tu baada ya kimbunga na sehemu kubwa ya Wabarbuda wakiwa bado Antigua, muswada wa kuibadilisha Sheria ya 2007 ulifikishwa bungeni, na hatimaye ukawa sheria. Uliondoa nguzo kuu ya sheria ya awali, yaani umiliki wa pamoja pamoja na ridhaa ya watu katika miradi mikubwa. Serikali ilisema ina wingi wa kura na ina haki ya kutunga sheria, na kwa maana finyu ya utaratibu ilikuwa na haki hiyo. Lakini sheria inayogusa kila ekari ya kisiwa ilijadiliwa wakati ambapo mkutano wa hadhara wa Codrington haukuwezekana, kwa sababu Codrington yenyewe ilikuwa haina watu wa kutosha kujaza ukumbi, wala ukumbi wenye paa. Hata anayekubaliana na kila kifungu cha mabadiliko hayo anapaswa kuona kwamba wakati wake haukuwa halali kwa dhamiri.

Wenye mali walikuwa na nafasi ya pekee katika kisa hiki. Tarehe 18 Septemba 2017 De Niro alisimama katika Umoja wa Mataifa mjini New York akaisihi dunia isiisahau Barbuda. Sina sababu ya kudhani kwamba hakumaanisha alichosema. Shida ni kwamba katika dunia ya leo sauti ya mwekezaji ilisikika katika ukumbi huo kabla ya sauti ya mwenye nyumba iliyoezuliwa, na anayesikika kwanza ndiye anayeeleza mahitaji. Mradi mwingine mkubwa zaidi, Barbuda Ocean Club, unaohusishwa na bilionea John Paul DeJoria na kampuni yake ya Peace Love and Happiness, uliendelea kujengwa Palmetto Point, wenye nyumba za matajiri na uwanja wa gofu, pembeni ya ziwa lile la ndege ambalo tangu mwaka 2005 limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Irma ilikuwa imekata ukanda wa mchanga unaolitenga ziwa hilo na bahari. Pwani iliyotoka kuonyesha wazi jinsi ilivyo dhaifu ndiyo iliyochaguliwa kujengwa.

Mbele ya mahakama

Wapiga kura walijibu kwanza. Katika uchaguzi wa Machi 2018 chama cha Browne kilishinda viti 15 kati ya 17, ushindi mkubwa kabisa, isipokuwa kwamba kiti cha Barbuda kilirudi kwa Trevor Walker wa chama cha watu wa kisiwa hicho. Tarakimu hizo mbili zinaeleza hali ya Wabarbuda vizuri kuliko hotuba nyingi: wanaweza kufanya uamuzi wao nyumbani kwao na bado wasihesabike katika Bunge la nchi yao.

Mashauri yalipanda ngazi hadi Baraza la Faragha lililoko London, ambalo bado ndilo mahakama ya mwisho ya Antigua na Barbuda. Juni 2022 Baraza hilo liliamua kwamba haki walizokuwa nazo Wabarbuda chini ya Sheria ya 2007 hazikuwa mali inayolindwa na katiba, na hivyo Bunge lililozitoa lingeweza kuzibadilisha. Uamuzi huo ulikuwa pigo kubwa. Kisheria unaeleweka: haki ya kuomba eneo si sawa na kumiliki eneo. Kinachonisumbua ni kile ambacho mizani hiyo haikuweza kukipima. Karibu miaka 200 ya kukaa, kulima, kuzika wafu na kugawana maji pasipo karatasi haikuacha alama inayoonekana na mahakama, kwa sababu karatasi pekee iliyowatambua kuwa wenye ardhi ilikuwa ile ya mwaka 2007. Yaani kuiandika mila kuwa sheria, jambo ambalo wengi walilishangilia kuwa ulinzi, kuliifanya iwe kitu kinachoweza kufutwa kwa kura za siku moja.

Shauri la uwanja wa ndege lilikwenda kwa njia nyingine. Mahakama Kuu ilisimamisha kazi kwa muda mwaka 2018, kisha zuio likaondolewa na ujenzi ukaendelea. Mahakama ya Rufani iliona kwamba Mussington na Frank hawakuwa na haki ya kufungua shauri, kana kwamba uwanja unaojengwa mahali watu wanapolima na kuwinda ni jambo lisilomhusu mkazi yeyote kwa kiwango cha kutosha. Februari 2024 Baraza la Faragha lilitengua uamuzi huo. Lilisema wakazi hao wawili wana maslahi ya kutosha, wanakijua kisiwa chao, na wanastahili kuuliza mahakamani iwapo kibali kilitolewa kwa kufuata sheria.

Uamuzi wa 2022 ulizungumza juu ya nani anamiliki. Huu wa 2024 ulizungumza juu ya nani ana haki ya kuuliza, na kwa maoni yangu swali hili la pili ndilo lililokuwa kiini tangu mwanzo. Wabarbuda walipokuwa wamelala kwenye vitanda vya kukunja huko Antigua, hawakuwa wakidai kwanza umiliki. Walikuwa wakiuliza ni lini wangerudi, nani aliagiza matingatinga, na kwa nini muswada haungeweza kusubiri. Serikali, wafadhili na wawekezaji walikuwa na majibu ya maswali mengi, lakini si ya hayo, na kila lilipokosekana jibu, hata mfuko wa unga na bati la msaada vilianza kutazamwa kwa wasiwasi.

Wengi wamerudi. Nyumba zimeezekwa upya Codrington, kambakoche wanavuliwa, na ndege wa mikokoni, waliotawanywa na upepo ule, walionekana tena viotani mwao mapema kuliko watu wengi walivyotarajia. Wako pia waliobaki Antigua, kwa sababu watoto walizoea shule au kazi ilipatikana huko. Uwanja mpya wa ndege ulifunguliwa Oktoba 2024, zaidi ya miezi saba baada ya mahakama ya London kusema kwamba Mussington na Frank walikuwa na haki ya kuuliza mahakamani juu ya kibali chake.